Kazi ya Mungu na Mikono ya Watu

"Kazi ya Mungu haina makosa." Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kutoka Majengo hadi Kayole, maneno hayo husemwa matangani, husemwa wodini, na husemwa pia na jirani aliyekuja kumwona mtoto mchanga akagundua kwamba mkono mmoja haunyanyuki. Mtoto akishtuka, mkono wa kulia unaruka. Wa kushoto umelala ubavuni, umenyooka, kiganja kimegeukia nyuma. Jirani anautazama, anasema sentensi yake, na mazungumzo yanahamia kwenye chai.

Nia yake ni njema. Ila sentensi hiyo ikikaa sana ndani ya nyumba hubadilisha kazi. Siku ya kwanza ni faraja. Mwezi wa tatu, mtoto akiwa bado hawezi kukunja kiwiko, imekuwa sababu ya kutompeleka hospitali. Mwaka wa ishirini na tano, mtoto yule akiwa mtu mzima aliyelazwa kwa maradhi mengine kabisa, imekuwa sababu ya kunyamaza sista anapoukamata mkono uleule kuutafuta mshipa. Je, anayeamini kwamba kila kitu kimeandikwa ana haki ya kusema, "Sista, samahani, mkono huu hapana"?

Kabla ya kujibu, inafaa kujua kilichotokea. Neva zinazoendesha mkono hutoka kwenye uti wa mgongo shingoni kwa mizizi mitano, hupita chini ya mtulinga na kuingia kwapani. Wakati wa kujifungua huenda kichwa kikatoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama. Hapo dakika ni chache. Wakunga huikunja miguu ya mama hadi mapaja yaguse tumbo, mmoja hukandamiza juu ya kinena, na bega hulegea likatoka. Katika purukushani hiyo shingo ya mtoto huweza kuvutika upande mmoja na neva zikavutika nayo. Nyingine hunyooka tu na kupona zenyewe kwa wiki au miezi. Nyingine hukatika, na nyingine hung'oka kabisa kutoka kwenye uti wa mgongo. Mizizi ya juu ikiumia, bega na kiwiko hulegea. Ya chini ikiumia, ni vidole. Madaktari wa Ulaya waliyaeleza haya katika karne ya 19: Duchenne wa Ufaransa, Wilhelm Erb wa Ujerumani mwaka 1874, kisha Augusta Klumpke mwaka 1885. Katika nchi zilizohesabu, hupatikana mtoto mmoja hadi watatu kati ya kila 1,000 wanaozaliwa. Hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926 ikiitwa kwa jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo, huzalisha akina mama kwa maelfu kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, hakuna mtaa wa Eastlands usio na mkono wa namna hii.

Tena mkono huo haukosi kutafutiwa mwenye kosa. John Mbiti, mwanafalsafa na kasisi mzaliwa wa Kitui, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba kwa jamii nyingi za bara hili msiba hauji wenyewe, yupo aliyeuleta. Nusu karne na zaidi baadaye, uchunguzi huo ungali hai kwenye baraza za Eastlands, na mshukiwa wa kwanza siku zote ni mama. Alikula nini akiwa mjamzito? Alimkosea nani? Mbona hakusukuma vizuri? Wanafunzi wa Yesu waliuliza swali la ukoo huohuo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu: ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake? Mwalimu wao aliwakatalia yote mawili, akageukia kumhudumia mgonjwa.

Sayansi nayo inakataa jibu la mkato. Mtoto mkubwa, kisukari cha mama, kutanguliza matako, kuvutwa kwa vifaa, yote huongeza hatari. Hata hivyo visa vingi hutokea bila dalili ya kutangulia, na nguvu za tumbo la uzazi lenyewe zinaweza kuzivuta neva. Kusema kila mkono uliopooza ni kosa la mkunga ni uongo. Kusema hakuna mkunga aliyewahi kuvuta kupita kiasi ni uongo pia. Mama wa mtoto anastahili kuelezwa ni lipi lililotokea katika leba yake, na "kazi ya Mungu" isitumiwe kuifunga faili kabla haijasomwa.

Waislamu wa Pumwani, mtaa uliokuwa na misikiti na madrasa tangu enzi za ukoloni, wana kisa kinachoingia moja kwa moja katika jambo hili. Karibu na mwaka wa 18 wa Hijra, sawa na 639 hivi, Khalifa Umar alikuwa njiani kwenda Sham, yaani eneo la Syria, akapata habari kwamba tauni imezuka huko. Akaamua kurudi. Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kudra ya Mwenyezi Mungu. Umar alimjibu kwamba ndiyo, anatoka kwenye kudra moja anakwenda kwenye kudra nyingine, akampigia mfano wa mchungaji aliye mbele ya bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapolisha ngamia wake, atakuwa amelisha ndani ya kudra ileile. Jibu hilo limebeba mzigo wote. Kuumia kwa mkono kuliandikwa. Kuulinda nako kumeandikwa. Asemaye "mkono huu hapana" hajatoka nje ya imani hata hatua moja.

Na kuna mengi ya kulinda, ambayo watu wa afya wenyewe huweza kuyasahau kwa kuwa mkono uliopona nusu hauonekani kama ugonjwa. Mgonjwa amevaa sweta. Mkono ni mwembamba kidogo, mfupi kidogo, kiwiko hakinyooki chote. Sista mwenye foleni ndefu anaona mkono tu.

Sindano ya dripu ni mfano ulio wazi. Katika mkono wenye hisia kamili, kanula ikitoka kwenye mshipa na dawa ikaanza kumwagika chini ya ngozi, mgonjwa hulia. Mkono ulioumia neva huenda usihisi, na dawa kali ikaendelea kuingia nyamani hadi ngozi ivimbe na kuharibika. Mashine ya presha nayo huhitaji kitambaa cha kipimo kinacholingana na unene wa mkono. Kikifungwa kwenye mkono uliokonda, namba inayotoka inaweza kupotosha, na dawa ikaandikwa kwa namba hiyo. Ndiyo maana wengi wenye jeraha hili huomba sindano, kutolewa damu na kupimwa presha vifanywe kwenye mkono wa pili. Hii ni tahadhari ya busara, marufuku siyo. Mtu aliyeletwa kwa ajali ya matatu Jogoo Road, damu ikimwishia, achomwe popote mshipa utakapopatikana.

Chumba cha upasuaji kinadai uangalifu zaidi. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi hawezi kusema "unaniumiza". Bega lililozoea kufika usawa wa kifua, likilazimishwa juu ya kichwa ili daktari apate nafasi, linaweza kuumizwa upya. Tena kuna hatari moja ambayo wagonjwa wachache huambiwa. Baadhi ya neva zilizoumia shingoni ni jirani wa neva inayoendesha kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, nayo huweza kuwa iliumia siku ileile ya kuzaliwa. Miaka thelathini baadaye mtu huyo anavunjika bega la mkono wake mzima, na anayetoa dawa ya ganzi anachoma shingoni upande huo ili kuufisha mkono. Ganzi ya hapo hulaza pia kiwambo cha upande huo. Kama cha upande wa pili hakikuwahi kufanya kazi sawasawa, pumzi inakuwa mashakani. Swali moja kabla ya sindano lingetosha: "Shida hii ya mkono ulizaliwa nayo?"

Lakini hapa pana fumbo ambalo vitabu hulipita haraka. Tuseme kila mtu ametii: dripu, presha na sindano zote zimepelekwa kwenye mkono mzima. Sasa mgonjwa hana mkono hata mmoja. Ule uliopooza haufiki mdomoni. Ule mzima umefungwa plasta na mpira wa dripu. Chai imewekwa kando ya kitanda na inapoa. Chooni hawezi kujisitiri. Mama aliyejifungua jana hawezi kumwinua mtoto kumnyonyesha. Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana, methali ya kuhimiza ushirikiano, na wodini inageuka kuwa maelezo ya hali halisi: tahadhari iliyoulinda mkono imemnyima mtu heshima yake, isipokuwa pawepo na mikono mingine ya kumsaidia. Kanula ikiwekwa katikati ya kigasha, mbali na kiwiko na kiganja, humwachia vidole. Mkunga akimwekea mtoto kifuani, ananyonya. Ndugu akiruhusiwa kukaa wakati wa chakula, mgonjwa anakula. Kumlinda mtu ni kazi ndefu kuliko kuulinda mkono wake.

Historia ina mfano wa mkono ulioshughulikiwa hivyo, mwenyewe akasahauliwa, na mfano huo umeacha alama Eastlands. Tarehe 27 Januari 1859, mjini Berlin, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza alijifungua kwa shida mtoto aliyetanguliza matako. Mkono wa kushoto wa mtoto ulipooza. Madaktari wa kifalme waliufunga ndani ya mwili wa sungura aliyechinjwa punde, eti joto la mnyama liuingie. Waliupitisha umeme. Waliufunga mkono wa kulia, ulio mzima, ili wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Baadaye walimvisha chombo cha chuma cha kunyoosha shingo. Mkono ulibaki mfupi kwa takriban sentimita 15, na mtoto akawa Kaiser Wilhelm wa Pili, ambaye himaya yake ilitawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya majeshi yake ndivyo vilivyowakusanya wapagazi wa Kiafrika katika kikosi cha Carrier Corps, na kikosi hicho ndicho kilichouachia jina mtaa wa Kariokor. Wapo wanahistoria wanaotaka kuvieleza vita vyote kwa mkono ule, na hilo ni kuubebesha mzigo usio wake. Kilicho wazi ni kidogo na kinatosha: mtoto alitendewa miaka mingi na watu wenye elimu na nia njema, na kilichotakiwa kupona kilikuwa mkono tu.

Linganisha na mtu aliyepooza mkono katika Injili ya Marko, sura ya tatu. Yumo ndani ya sinagogi siku ya Sabato. Wakubwa wa dini wanavizia kuona kama ataponywa. Yesu hamfikii akamvuta mkono. Anamwambia asimame katikati, kisha anamwambia aunyooshe mwenyewe. Mwenye mkono ndiye aliyeunyoosha. Wahubiri wa Eastlands, ambako makanisa ya mabati hayahesabiki, wangefanya vyema kuikazia macho aya hiyo kabla ya mkutano wa maombezi. Anayemshika mtoto kifundo cha mkono na kuupeleka juu kwa nguvu, umati ukishangilia, anaweza kulitegua bega ambalo misuli yake haina uwezo wa kulishikilia. Mkono wa namna hii hautumiwi kumwinua mtoto kutoka sakafuni, hauvutwi kuvalishwa shati, wala haunyooshwi kwa kishindo hata kwa jina la Mungu. Ndio unaoanza kuingia mkononi mwa shati. Mtoto huinuliwa kwa kushikwa kiwiliwili.

Upande wa sheria ya Kiislamu, mtoto aliyepooza mkono wa kulia akikemewa madrasani kwa kula na wa kushoto anaonewa. Wanazuoni wanakubaliana kwamba mwenye udhuru hana lawama, na kwamba anayeshindwa kusujudu kwa viungo vyote husujudu kwa anavyoweza. Methali ya hujafa hujaumbika imekuwa ikiyasema haya kwa lugha ya nyumbani kwa muda mrefu: umbo la mwanadamu lingali linafinyangwa, aliye mzima leo hajui ya kesho.

Mwili, kwa imani zote mbili, ni amana. Neno hilo lina masharti ambayo mfanyabiashara yeyote wa Gikomba anayajua: uliyewekewa kitu huruhusiwi kukiacha kiharibike ukasema mwenyewe atajua. Masharti hayo yanamfunga mwenye mkono, na yanamfunga kila anayeushika. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe na akubali kabla ya kutibiwa. Sista anayeuliza "Nichome mkono gani?" ametimiza sheria na dini kwa maneno matatu.

Mgonjwa naye asingoje kuulizwa. Chanjo ya kifua kikuu huchomwa kwenye kigasha cha kushoto mara tu mtoto anapozaliwa. Mama ambaye mtoto wake ameumia mkono wa kushoto amwambie anayechoma, asikilize ushauri wake. Kisha aandike kwa wino, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kliniki: mkono upi, uliumia wakati wa kuzaliwa, usivutwe, sindano na presha mkono wa pili. Aanze mazoezi ya viungo mapema kama atakavyoelekezwa. Na mwezi wa tatu ukifika kiwiko kikiwa hakijakunjika, aombe kupelekwa kwa daktari wa upasuaji, kwa sababu neva zilizokatika hushonwa vizuri zaidi ndani ya mwaka wa kwanza. Asingoje mwezi wa nne.