Je, Muumini Asome Lebo Kabla ya Kununua?



Kwenye funzo la Jumatano ndugu mmoja aliuliza: ni dhambi kununua kitu cha bei rahisi kama sijui kimetengenezwa wapi, na nani amekitengeneza? Wengine walicheka. Muda ulituishia kabla ya kumjibu, kwa hivyo nimelileta swali hapa.

Kuna mtu atanikimbiza haraka kwa 1 Wakorintho 10:25. Pale Paulo anawaruhusu ndugu kula nyama ya sokoni bila kuulizauliza, ingawa nyama nyingi ya mji ule ilipitia kwenye mahekalu ya sanamu. Sawa kabisa. Lakini usifunge Biblia hapo, shuka hadi mstari wa 28. Akitokea mtu akakuambia nyama hii ilitolewa kwa sanamu, basi uiache, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Paulo hakutupa kazi ya upelelezi, lakini pia hakutupa ruhusa ya kujifanya viziwi. Ukishaambiwa, mambo yamebadilika.

Na sisi tumeambiwa. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza liliporomoka huko Savar, karibu na Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, wengi wao wasichana na akina mama waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa chini iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji wa juu waliagizwa warudi kwenye cherehani. Kima cha chini cha mshahara wao wakati huo kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, kama dola 38 hivi.

Haraka hiyo yote ilitoka wapi? Mwenye kiwanda alikuwa na oda ya kumaliza. Duka lilikuwa na bei ya kulinda. Na bei hiyo inalindwa kwa sababu mnunuzi anataka ishuke, kisha ishuke tena. Mimi nilisomea biashara, na hilo ndilo somo la kwanza kabisa: punguzo lolote lazima litoke kwenye mfuko wa mtu fulani. Swali la muumini ni moja tu: ni mfuko wa nani?

Hapo sasa wengine wanasema, basi dawa ni kununua vya Kenya peke yake. Napenda sana kununua vya kwetu, kwa sababu pesa inazunguka hapa na kijana wetu anapata kazi. Lakini hebu tugeuze kioo. Kule Athi River, viwandani, kuna dada zetu wanaoshona nguo za kuuzwa Marekani, na soko hilo lilifunguka zaidi kwa sheria yao ya mwaka 2000 iitwayo AGOA. Kama Mmarekani naye ataamua kuwa kitu cha nje ni kibaya kwa sababu tu ni cha nje, dada huyo atalisha watoto na nini? Tusiwafanyie wengine tusilotaka kufanyiwa.

Tena lebo yenyewe husema kidogo. Shati moja linaweza kuwa na pamba ya nchi moja, kitambaa cha nchi ya pili, na kushonwa nchi ya tatu. Lebo inataja nchi, haitaji mshahara. Na wacha tuseme ukweli: kitu kinaweza kutengenezwa mtaa huu huu, na aliyekitengeneza akalala njaa. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inamtaja kibarua maskini, awe ni ndugu yako au ni mgeni, na inataka alipwe kabla jua halijatua. Angalia vile Mungu anaweka hao wawili kwenye mstari mmoja. Ni kama anauliza, "Amelipwa?" kabla ya kuuliza ametoka wapi.

Je, mnunuzi ana nguvu yoyote? Peke yake, ni kidogo. Lakini baada ya Rana Plaza watu walipiga kelele, na mwezi wa Mei mwaka huo huo kampuni za nguo zilianza kutia sahihi mkataba na vyama vya wafanyakazi kuhusu usalama wa majengo na moto. Mwishowe zilipita 200. Wakaguzi wakaingia viwandani. Kelele za wanunuzi zilisaidia kuokoa maisha.

Sasa nisieleweke vibaya. Mama aliye na mia mbili mkononi, na mtoto anayehitaji sweta ya shule, aende Gikomba achague mtumba wake kwa amani. Sitamwekea mzigo ambao Mungu hakumwekea. Aliyepewa kingi ndiye atadaiwa kingi. Swali hili ni zito zaidi kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, kwa mwenye duka, na kwa kanisa.

Naam, kwa kanisa pia. Kamati inatafuta sare mpya za kwaya. Tuna bei mbili mezani: za kuagizwa kutoka nje zikiwa tayari, na za mafundi wa mtaani, ambazo zinazidi kwa shilingi mia tatu kila moja. Hatujaamua; tutakutana Jumamosi. Msimamo wangu nausema mapema. Twende kwa mafundi, lakini si kwa sababu ni Wakenya tu. Kwao tunaweza kwenda kwa miguu, tukauliza wasaidizi wao wanalipwa ngapi, na jibu tukaliona kwa macho. Na tukishakubaliana bei, tusianze kumkamua fundi ashushe mpaka abaki na uzi tu, halafu tumlipe baada ya miezi mitatu tukisema ni kazi ya Mungu.

Mzee mmoja wa kamati ananiambia mia tatu mara watu arobaini ni shilingi elfu kumi na mbili, na paa la Sunday school linavuja. Hoja yake ni ya haki, na siwezi kuipuuza. Lakini naona ni afadhali kwaya iimbe na sare za zamani hadi Desemba tukiweka akiba, kuliko kusimama madhabahuni na nguo ambayo hatutaki kuuliza imetoka wapi.

Mwenye maoni tofauti anione baada ya ibada.