Utulivu wa Dunia Machoni

Jicho la binadamu halitulii. Huruka toka jambo hili hadi lile kiasi cha mara tatu kila sekunde, na kila lirukapo, taswira ya dunia iliyo ndani yake huteleza. Walakini dunia huonekana imesimama: nyumba haitikisiki, mti hauondoki. Je, utulivu huo ni kweli, au ni uongo ambao akili hujiambia ili istarehe?

Hermann von Helmholtz, mtaalamu wa Ujerumani wa karne ya 19, alieleza jaribio jepesi. Mtu akifumba jicho moja, akalisukuma la pili taratibu kwa kidole juu ya kope, dunia yote huonekana kusogea. Jicho limekwenda kidogo tu, lakini safari hii halikuamriwa. Mwaka 1950 Erich von Holst na Horst Mittelstaedt, na Roger Sperry kwa upande wake, walieleza sababu: ubongo uamrishapo misuli ya jicho hujiwekea nakala ya amri, na kwa nakala hiyo huutoa mwendo wake katika hesabu ya yaonekanayo. Kibakicho ndicho mwendo wa dunia.

Basi utulivu huo si uongo, bali ni uadilifu: mtazamaji hukiri mwendo wake kabla ya kuihukumu dunia. Lakini uadilifu huo una mpaka. Abiria katika gari moshi lililosimama huona lake laondoka, kumbe ni la jirani. Tena mtu akijitazama kiooni, akahamisha macho toka jicho moja hadi la pili, hayaoni yakienda. Aliye kando huyaona dhahiri.

Hapa elimu ya macho yagusana na maadili. Hasira, mapenzi na hofu ni miendo ya moyo. Hakimu aijuaye hasira yake aweza kuitoa katika hukumu. Aliyesukumwa na kidole asichokijua huapa kuwa dunia ndiyo iliyotikisika, wala hasemi uongo, kwani ndivyo aonavyo. Kwa hiyo unyofu wa shahidi hautoshi. Nyani haoni kundule. Atakaye kuona sawa ana wajibu wa namna mbili: kuijua miendo yake, na kumsikiliza aliye kando, hasa pale kiooni anapojiona ametulia.