Majuto ni Mjukuu

Mwanangu alikuwa na siku kumi na moja nilipomkuta, saa nane usiku, amelazwa kifudifudi, shavu kwenye shuka. Mama yangu, aliyekuwa ametoka Morogoro kuja kumlea mzazi, alikaa pembeni akimpigapiga mgongo taratibu. Nikamgeuza mtoto chali bila kusema neno.

"Baba, ukimlaza hivyo atacheua apaliwe," mama akasema. "Nyie wote nimewalaza kwa tumbo, na mko hapa."

Hatuko wote hapa. Tulizaliwa wanne, tukakua watatu. Kitinda mimba wetu, mtoto wa miezi mitatu, hakuamka asubuhi moja ya mwaka 1993. Hakuwa na homa, hakuwa anaharisha. Watu wakasema kijicho, wengine wakasema kazi ya Mungu, halafu wakanyamaza. Nilikuwa na miaka mitano. Ninachokumbuka ni viatu vingi mlangoni.

Usiku ule sikuyafikiria hayo. Nilijifanya msomi. Nikamweleza mama kwamba mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa anayocheua hayaingii kirahisi kwenye mapafu. Nikamwambia kulala kwa tumbo kunaongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini, hata akiwa mzima kabisa. Niliongea kama ninasoma taarifa ya habari.

Mama akauliza swali moja tu: "Wamejua lini?"

Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikamjibu: "Juzijuzi tu, mama."

Nilimdanganya.

Mwaka 1946 daktari wa watoto wa Marekani, Benjamin Spock, alichapisha kitabu cha malezi kilichokuja kuuzwa kwa mamilioni. Katika matoleo ya mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwashauri wazazi wawalaze watoto kifudifudi. Hoja yake ilikuwa ileile ya mama yangu: akitapika akiwa chali, atapaliwa. Ushauri ukasambaa hospitalini, kutoka nesi hadi nesi. Mama naye aliambiwa na nesi, wodini, nilipozaliwa mimi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na vifo vikashuka haraka. Marekani ikaanza ya kwake mwaka 1994. Halafu mwaka 2005 watafiti wa London walipitia tafiti zote za zamani wakakuta kwamba ushahidi ulikuwepo tangu 1970, ila hakuna aliyeukusanya pamoja. Kwa hesabu yao, Uingereza peke yake ingeweza kuepusha vifo zaidi ya 10,000.

Yaani mdogo wangu alifariki miaka miwili baada ya Waingereza kuambiwa, na zaidi ya ishirini baada ya ushahidi kuwepo.

Sijui kilichomuua. Hakuna daktari aliyemchunguza, na watoto wengi waliolala kwa tumbo walikua salama, mimi mmojawapo. Lakini swali la mama halikuwa la kitabibu. Alikuwa anauliza kama mkono wake umo.

Mwanafalsafa Bernard Williams alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote. Sote tutamwambia si kosa lako. Lakini, anasema Williams, dereva akikubali upesi mno tutamshangaa. Yeye hayuko sawa na mtu aliyekuwa amesimama tu kando ya barabara. Kuna majuto yanayomhusu yeye peke yake.

Kwa uongo wangu nilimshusha mama kwenye lori, nikamsimamisha kando ya barabara. Nilidhani ni huruma. Siku hizi naona nilimnyima kitu: haki ya kukasirika. Kama watu walikuwa na ushahidi tangu 1970 na neno halikufika Morogoro, basi lawama ina njia ndefu ya kupita kabla haijafika kitandani kwake. "Juzijuzi tu" yangu iliwasafisha wote hao. Na mimi ni mwandishi wa habari!

Bado sijamwambia. Kila nikitaka kuanza, namwona amempakata mwanangu, anamwita "mume wangu", nami nameza maneno. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Sikuwahi kudhani kwamba anaweza kuja na sura, na uzito wa kilo tatu.

Usiku ule hakurudi kulala. Alikaa hadi alfajiri, kiganja chake juu ya kifua cha mtoto aliyelala chali. Kulipokucha nikamsikia barazani akiongea na dada yangu kwa simu, naye ana mtoto wa miezi miwili.

"Mlaze chali," alisema. Kukawa kimya, nadhani dada alikuwa anabisha. "We mlaze chali. Usiniulize."