Kofia ya Lenzi

Mwaka 1985, nikiwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Bulongwa, niliazima kamera ya Zorki kwa mwalimu mwenzangu aliyekuwa amesoma Moscow. Nilitaka watoto wa darasa la saba wapigwe picha kabla hawajatawanyika. Kamera ile ilikuwa na lenzi mbili, moja ya milimita 50 na nyingine ya milimita 35 inayochukua eneo pana zaidi, pamoja na kofia moja tu ya lenzi. Msomaji asiyeijua kofia hii aelewe kwamba haifuniki kitu. Ni mfano wa pete ndefu ya chuma inayovishwa mbele ya lenzi ili jua la ubavuni lisipige kioo na kuipausha picha. Huku kwetu juu, ukungu ukishaondoka asubuhi, jua huja kwa chini tena ni kali.

Kwa kuwa darasa lilikuwa kubwa, nilichagua lenzi ya 35. Nikaijaribu kofia, ikaingia barabara. Midomo ya lenzi zote mbili ina upana ule ule, milimita 40.5, nami nikaridhika kwamba kilichoenea kimefaa. Kumbe kofia ile ilikuwa ya lenzi ya 50, ambayo huona nyuzi kama 47 kutoka pembe hadi pembe. Lenzi ya 35 huona nyuzi kama 63. Ukiivisha kofia ya mwenzake, inaona ukuta wa kofia, na pembe za picha zinatoka nyeusi. Tena lenzi ile haikuhitaji sana kofia, maana kioo chake cha mbele kimezama ndani kama jicho la mzee.

Picha zilirudi kutoka Njombe baada ya wiki kadhaa. Katikati zilikuwa safi ajabu. Pembeni palikuwa giza.

Mtu ataniuliza, je, hukuona? Sikuona. Kamera za namna hii, zinazopima umbali kwa kuunganisha vivuli viwili katika kidirisha, hazimwonyeshi mpigaji kile kinachoonwa na lenzi. Mpigaji ana dirisha lake na lenzi ina lake. Kwa lenzi ya 35 unachungulia katika kijidirisha cha kupachikwa juu ya kamera, na humo kofia haionekani kabisa. Mimi niliona watoto wote wametimia, wananitazama.

Basi, mtu ana hatia kwa kosa ambalo pale aliposimama hakuweza kuliona? Kwa miaka mingi nilijijibu kwamba hana. Mtoto aliyeniambia “sikujua, Mwalimu” nilimsamehe mara nyingi, iweje nisijisamehe mwenyewe? Baadaye nilisoma hoja ya Aristotle kuhusu mlevi: ni kweli hajui atendalo, lakini adhabu yake huongezwa maradufu, kwa kuwa kutojua huko amejitakia. Niliona hainihusu, maana pombe situmii.

Lakini yule mwalimu mwenzangu, alipoziona picha, aliishika kamera akaondoa mgongo wake, akaweka shata kwenye alama ya B, akaibonyeza ikabaki wazi, kisha akanitaka nichungulie kutoka pembeni mwa kile kidirisha ambamo filamu hukaa. Duara la mwanga lilikuwa limeliwa na kofia. Jaribio lile halikuchukua hata dakika mbili. Ziko pia kofia zilizokatwa matundu ubavuni ili mpigaji aone kupitia hapo sehemu ambayo kofia ingemficha. Waliozibuni walijua udhaifu wa jicho wakalisaidia. Nami nilijua kwamba madirisha ni mawili. Nilitosheka na langu.

Liko na jambo jingine, ambalo kwa muda mrefu sikulitaja kwa mtu. Watoto wale hawakujipanga wenyewe. Niliwapanga mimi. Viranja na wenye sare mpya niliwaweka katikati, karibu na walimu. Wenye mashati yaliyochanika na wasio na viatu niliwasogeza mwisho wa mistari, ili picha ipendeze. Kofia ilikosea kipimo, sawa, lakini iliwakuta wale wale ambao mimi nilikuwa nimekwisha kuwasogeza pembeni.

Mmoja wao, mwenye shati la kaka yake, alikwenda baadaye kutafuta kazi Makambako. Alirudishwa nyumbani akiwa mgonjwa, akafariki mwaka 1996, katika miaka ile ambayo Makete tulikuwa tukizika vijana karibu kila wiki. Haikupita muda mama yake akaja nyumbani kwangu. Alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia shikamoo, nikamkaribisha kiti. Alisema hana picha yoyote ya mwanawe, ila amesikia kwamba shuleni walipigwa.

Nilileta picha. Alitafuta kwa kidole, uso kwa uso, mstari kwa mstari, mpaka akafika pembeni ambako lilionekana bega moja na nusu ya mkono, kisha giza. Alilijua lile shati. Alikaa kimya kwa muda, nami nikaanza kumweleza habari za lenzi na kofia, kwamba mpigaji haoni kile kinachoonwa na kamera. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Mwalimu,” akasema, “nani alimsimamisha huku mwisho?”

Nikamwambia ni mimi.