Mwaka Mzima Antiokia
Somo: Matendo 11:25-26, 13:1-13, 2 Timotheo 4:11

Kijana amemaliza chuo, ana mzigo wa kwenda misheni Turkana mwaka mmoja ama miwili. Anauliza, "Nitajuaje kama nimeitwa?" Mzazi aliyeuza ng'ombe kulipa karo naye anauliza, "Na kazi je?" Maswali yote mawili yana uzito.

Tuangalie Sauli. Wito wake ulitajwa tangu Dameski. Hata hivyo, Barnaba alimfuata Tarso, wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima. Baadaye, kanisa likiwa katika ibada na kufunga, Roho Mtakatifu akasema hao wawili watengwe. Umeona? Walitumwa mbali wakiwa tayari wanatumika nyumbani.

Lakini si kila anayeenda hukaa. Yohana Marko aliwaacha Perga, akarudi Yerusalemu. Safari iliyofuata Paulo alimkataa, Barnaba akamchukua. Miaka ikapita, Paulo huyo huyo akaagiza Marko aletwe, maana anamfaa katika huduma.

Kijana, usingoje ndoto. Anza kutumika hapa, kisha keti na wazazi na mchungaji mpige hesabu: nauli, chakula, matibabu. Kanisa, tusichange siku ya kumuaga pekee. Tuchange kila mwezi mpaka arudi. Na akirudi aseme, "Kule si kwangu," asiitwe mtoro. Huo mwaka haukupotea. Tuwe Barnaba wake. Amina.