Kunyamaza kwa Mwenye Kujua Thamani

Suala la leo si geni katika vitabu vya fiqhi, lakini mimi limenifika kwa njia ambayo sikuitazamia, na naona haya kidogo kulieleza. Walakini darsa yetu haikuanzishwa ili tuwahukumu watu wengine tu.

Mwaka jana nalikwenda Nairobi kwa shughuli zangu, nikashukia kwa jamaa Majengo, Pumwani. Baada ya sala ya alfajiri mwana wa mwenyeji wangu akanichukua Gikomba. Asiyelijua soko lile na afikiri hivi: nguo, viatu na mapazia yaliyokwisha kutumiwa Ulaya na Marekani hushushwa bandarini kwetu Mombasa yakiwa yamefungwa mitumba, aghalabu kilo 45 kila mmoja, kisha hupandishwa bara. Mfanya biashara hununua mtumba hali umefungwa, hajui ndani mna nini. (Kama mauzo hayo yana gharari au hayana, huo ni mlango mwengine, tutaufungua siku nyengine.) Kamba inapokatwa, wanunuzi wamekwisha kuuzunguka. Nguo teule za kwanza wenyewe huziita kamera, na zile za mwisho kabisa huitwa fagia.

Miongoni mwa wanaotangulia ni vijana watafutao vitu vya zamani, kama makoti ya jinzi ya miaka ya 1970, saa za kutia ufunguo na mikoba ya ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Kijana wangu alitoa shilingi 300 kwa koti lililopauka, kisha akaninong'oneza kwamba kesho atalipiga picha kwa simu yake na kuliuza 4,000.

Nikamwuliza, "Na huyo aliyekuuzia, ajua?"

Akacheka. "Ami, yeye yumo humu miaka ishirini. Kama hajui, ni kwa kuwa hakutaka kujua."

Jawabu ile ilinitosha, na hata leo naiona ni sahihi. Muuzaji yule yu ndani ya soko lake. Bei ameitaja mwenyewe, na jirani zake wa kulia na kushoto wauza makoti kama lile. Akitaka kujua, hatua tatu zamtosha. Kijana naye ujuzi wake ni kazi: ameamka usiku, amejifunza kutambua mshono na vifungo, na huenda kesho asipate mnunuzi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtu kupunjwa peke yake, pasina hadaa, hakuvunji mauzo.

Siku ile ile alasiri nikapita kwenye uchochoro wa pili. Palikuwa na bibi mmoja, mjane, ahamia kwa binti yake Kayole, ametoa vyombo mlangoni aviuze: sufuria, redio, kitanda, cherehani. Nyuma ya kitanda palikuwa na kasha la njumu za shaba, lenye visaduku vya siri ndani, kama yale ya bibi zetu. Alisema lilikuwa la mama wa mumewe, aliyelitoa Pangani. Nakusudia Pangani ya Nairobi, si ya Mrima. Kile kijiji cha Waislamu kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake wakahamishwa.

Akataka shilingi 2,000. Mimi nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, na makasha hayo nayajua pamoja na bei zake. Nikatoa fedha upesi. Alipokwisha kuzihesabu akanitazama, akauliza, "Mwanangu, sikukuzidishia?"

Nikasema, "La, bibi. Ni bei ya haki."

Yeye alichelea kunidhulumu mimi! Usiku ule sikulala vyema.

Neno lile lilikuwa uwongo, na uwongo hauhitaji utafiti. Fundo lenyewe ni hili: lau asingaliuliza, nami nikanyamaza, ningalikuwa salama? Nilijitetea kwamba ni mtu mzima, ana akili timamu, ameuza kwa ridhaa, na kitu changu sikukificha aibu. Hoja hizo zote ni za kweli. Lakini Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwakataza watu kuulaki msafara nje ya mji na kununua bidhaa zake kabla haujafika sokoni, na akampa mwenye mali hiari ya kuvunja mauzo akifika na kujua bei. Mwenye msafara si mtoto wala mwendawazimu. Naye pia ameuza kwa ridhaa. Kilichokatazwa ni kumwahi mtu pale asipoweza kujua, ukafanya ujinga wake ndio faida yako.

Basi kizingiti cha mjane yule ki nje ya mji, ijapokuwa kutoka pale hadi Gikomba ni mwendo mfupi wa miguu. Hana jirani auzaye makasha, na wala hajui kuwa liko soko la vitu hivyo. Kijana wangu alinunua ndani ya soko. Mimi niliulaki msafara.

Najua kisa cha Jarir bin Abdillah, aliyenunuliwa farasi kwa dirhamu 300, naye akampandishia mwenyewe hadi 800 kwa kuwa aliona ndiyo thamani yake. Wengi husema huo ni wema wa ziada, haumlazimu kila mtu, nami sitamtwika kijana wa Gikomba mzigo huo. Mimi hata daraja ya chini ya hiyo sikuifikia.

Na sisi watu wa pwani twalijua jambo hili kwa upande wa pili. Tangu zamani makasha, viti vya enzi, sahani za kale, hata milango ya nakshi imekuwa ikitoka katika nyumba za Lamu na Mombasa, kwa mikono ya wajane na warithi waliokuwa na dhiki. Wengi wa walionunua hawakusema uwongo, walinyamaza tu. Nasi mpaka leo twawaita wezi.

Kasha sikulisafirisha. Liko Majengo, kwa mwenyeji wangu. Nimemwonyesha picha yake mfanya biashara mmoja wa vitu vya kale, akalikadiria shilingi 45,000. Nilipomrudia bibi nikakuta amekwisha kuhama, na Kayole ni kubwa. Lakini yule kijana amempata mtu aujuaye msikiti anaosali mjukuu wake. Mwezi ujao, inshallah, napanda gari. Nitamtajia bei yote, kisha achague mwenyewe, kasha lake au fedha iliyosalia.