Begi Liko Dodoma, Moyo Uko Dar



Rafiki yangu mmoja alipata ajira Dodoma. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huko, vijana wengi wamepita njia hiyo. Akapanga chumba Nkuhungu, akanunua godoro na jiko la gesi, basi. Begi la nguo hakulifungua lote. Ijumaa jioni yuko stesheni, anapanda SGR kurudi Dar, na Jumapili anaimba kwaya ya parokia aliyokulia. Hela ikikata anabaki Dodoma, na Jumapili hiyo analala. Ukimuuliza, anakwambia, "Huku sina parokia."

Sasa akataka kufunga ndoa. Paroko akamwambia alete barua ya jumuiya ya pale anapoishi. Jumamosi alfajiri akaenda kwa mama mwenyekiti na fomu yake mkononi.

"Mwanangu, unakaa wapi?"

"Nyumba ya tatu kutoka hapa, mama."

"Tangu lini?"

"Mwaka na miezi minne."

Mama akairudisha ile fomu taratibu. "Sikukatalii, baba. Ila nitaandika nini? Sikujui."

Alinipigia simu amekasirika kweli. Nami nikampa pole, nikamwambia wazee wa jumuiya wanapenda urasimu. Usiku nikakosa usingizi, maana mama yule alikuwa amesema ukweli mtupu. Na mimi ni walewale. Nilipotumwa mwaka wa uchungaji mbali na nyumbani, miezi miwili ya kwanza nilikuwa nakata siku kwenye kalenda kama mfungwa.

Chukua Biblia yako, fungua Matendo ya Mitume sura ya 18. Paulo anaingia Korintho akitokea Athene, ambako baadhi ya watu walimcheka. Hana mwenyeji. Anakutana na Akwila na mkewe Priskila, nao wageni vilevile, wametoka Italia baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi Roma. Kazi yao ni moja, kushona mahema, basi anakaa kwao na wanafanya kazi pamoja. Urafiki wao ulianzia kwenye sindano na turubai!

Baadaye, usiku mmoja, Bwana anamwambia asiogope, kwa sababu ana watu wengi katika mji ule. Hapo ndipo huwa nasimama. Wengi wao Paulo alikuwa bado hajawafahamu. Labda alikuwa anapishana nao sokoni kila siku. Lakini Mungu alikuwa ameshawahesabu kuwa ni wake.

Paulo akakaa pale mwaka mmoja na miezi sita. Ni karibu sawasawa na muda ambao rafiki yangu alikaa Nkuhungu bila kujulikana na nyumba ya tatu.

Kwenye filosofia tulisoma kwa Aristotle kwamba mahali pa kitu ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka. Mtihani nilifaulu, maana yake nikaipata kwenye ile simu. Mahali pako ni wale wanaokuzunguka, siyo pale ulipotua begi. (Mwalimu wangu akisoma hapa atanipunguzia alama, najua.)

Mama mwenyekiti hakumwacha hivihivi. Alimwambia, "Njoo Jumamosi tusali." Akaenda amenuna, anaitafuta barua tu. Wiki ya pili akaenda tena. Wiki ya tatu wakampa somo asome, na mzee mmoja akamuuliza kwao ni wapi. Wiki ya tano akaugua malaria, na walioleta uji ni watu wa nyumba ya tatu.

Barua aliipata. Wala hakuikumbushia, mama ndiye aliyemwita.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya kusali kwake. Aliazima viti vinne kwa mama mwenye nyumba, wakaja watu kumi na mmoja. Ikabidi aliondoe lile begi kitandani, wengine wapate pa kukaa.